Anti, sweta la mzee wa kwenye basi limeleta ugomvi ndani

Anti shikamoo. Saa kumi usiku hii sijalala, baba watoto anakoroma hapa pembeni kama hakuna kilichotokea. Naomba tu usinijibu kama shoga yangu, nimemwadithia akacheka eti mwenzetu umependa kibabu. Sio hivyo jamani, yule ni umri wa baba yangu kabisa.

Baba alifariki mwezi wa saba na Njombe ya mwezi wa saba unaijua. Mwenzangu akasema tangulia na mtoto, mimi kesho nakuja na wenzangu wa kazini. Nikaondoka Mbezi alfajiri na kitenge na khanga, sweta hata sikukumbuka, akili ya kukumbuka ningeitoa wapi. Morogoro akapanda huyo mzee akakaa siti ya pembeni yangu, akanisikia naongea na nyumbani kwa simu, nilipokata akanisalimia kwa kilugha cha kwetu, "kamwene". Anti hapo nililia mpaka basi zima likageuka, maana baba akipiga simu alikuwa anaanza hivyo hivyo. Hakuniuliza kitu. Akampakata mtoto, Mikumi anamwonyesha pundamilia dirishani, mtoto anacheka mimi nalia, akamwambia konda apunguze mziki kuna mfiwa humu. Kwenye kona za Kitonga mtoto akatapika, mzee akamfuta na leso yake mwenyewe. Tulipofika Ipogolo akavua sweta akasema huko mbele baridi kali, mfunike mjukuu wangu, akashuka. Jina sikuuliza. Ndo hivyo tu, hakuna kingine.

Mume wangu hakuja. Kesho ikawa keshokutwa, tukazika, akatuma hela kwa simu na meseji ya pole kama mtu wa mbali.

Sasa juzi natafuta sweta kabatini silioni, kumbe kampa kijana anayeosha magari afanye tambaa. Nikauliza kwa nini, ananijibu sweta lenyewe bovu, la mtu hata humjui. Nikamwambia na wewe ninayekujua ulikuwa wapi? Akasema naanza tena, kila kitu naleta msiba. Na kweli naleta, lakini Anti ningeacha vipi, alisema kesho!

Sitaki uone mume wangu ni mbaya. Hanipigi, ada analipa, pombe anakunywa kwa mpangilio. Ila baba yake alipofariki mimi nilikuwa Singida jikoni na masufuria ya msiba, moshi mpaka macho yakavimba, na nilikuwa na mimba, wala sikusema nakuja kesho. Sisemi kwamba namdai. Nasema tu.

Na hapo hapo mama mkwe kaanguka kavunjika nyonga, wamekaa kikao wao kwa wao wakaamua mimi ndo niende kumuuguza, tiketi ya Ijumaa imeshakatwa hata sijaulizwa. Mama mwenyewe hana kosa, kwenye msiba wetu alinipigia akalia na mimi kuliko hata mwanae. Nampenda. Lakini kila nikitaka kupanga nguo mikono inagoma, naona nikienda ndo nimeshakubali kwamba ilikuwa sawa baba yangu azikwe yeye hayupo. Mdogo wangu anasema kataa ili ajifunze, halafu mimi nawaza mama wa watu atageuzwa na nani kitandani.

Sweta nimelirudisha, lina grisi, nimeloweka mara mbili haitoki. Naogopa kupiga jiki. Niambie Anti, hivi ni mimi nakuza mambo, mtu wa nusu safari kunikaa moyoni hivi kuliko mtu wa ndani? Na hilo la Singida nijibu mapema, asubuhi ya Ijumaa basi linaondoka, na usiniambie nimsamehe kwanza, hilo nimeshaambiwa na kila mtu.