Kabla hujakubali cheo cha Mkurugenzi wa Teknolojia

Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote nyumbani. Nimefurahi kusikia kwamba wenzako wanaoanzisha mfumo wa kutunza hesabu za vikundi vya VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wamekuomba uwe Mkurugenzi wa Teknolojia wa kampuni yao changa. Umeniuliza kazi hiyo hasa ni ipi, maana wao wamekueleza tu kwamba utasimamia mambo ya kompyuta. Maelezo hayo hayatoshi, na nakuomba usitie sahihi popote kabla hayajakamilishwa.

Ni kweli kwamba mwanzoni utaandika programu mwenyewe usiku na mchana, kwa kuwa hapatakuwa na mwingine wa kuziandika. Hata hivyo, kazi hiyo mhandisi yeyote hodari anaweza kuajiriwa kuifanya. Kisichoweza kukabidhiwa mtu mwingine ni dhamana: siku mfumo utakapoharibika, wewe ndiye utakayewajibika kwa akina mama walioweka akiba yao humo, na maandalizi ya siku hiyo yanaanza sasa.

Tafakari yaliyoipata GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake alikuwa akihangaika usiku kurekebisha hifadhidata ya akiba, yaani nakala ya pili ya data za kampuni, iliyokuwa imeachwa nyuma na ile kuu. Alikusudia kufuta data za seva ya akiba, yaani kompyuta iliyotunza nakala hiyo ya pili, kumbe amri ameitoa kwenye seva kuu, na alipoisitisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5 tu. Kosa hilo linaweza kumpata yeyote aliyechoka. Zito zaidi ni lililogunduliwa baadaye: nakala rudufu, yaani zile za kurejeshea data zikipotea, zilizodhaniwa kutengenezwa kila siku, hazikuwapo, kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa muda wa saa sita hivi kabla ya kosa hilo kwa ajili ya majaribio. Yaliyoingizwa baada ya hapo yalipotea. Kampuni ilieleza yote hadharani bila kumtaja mhandisi kwa jina, nami naiheshimu sana kwa hilo, na ikakiri kwamba hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa jukumu la kujaribu nakala hizo.

Mtu huyo, katika kampuni yenu, ni wewe. Kila mwezi, nakala irejeshwe kwenye seva nyingine na hesabu za vikundi kadhaa zilinganishwe na za mfumo unaotumika, wewe ukiwapo. Akaunti za seva na jina la tovuti ziandikishwe kwa kampuni, wala si kwa barua pepe ya mtu binafsi, na nywila zake wazijue watu wawili.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakili atawaongoza, lakini ni wewe utakayejua taarifa zipi zinakusanywa na nani anaweza kuzisoma. Zisizo na kazi msizikusanye kabisa.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, utakuwa katika mazungumzo na wenzako. Watamwahidi mfadhili kwamba jambo fulani litakuwa tayari baada ya wiki mbili, nawe utalazimika kusema kwamba haliwezekani, au kwamba linawezekana kwa kuahirisha jingine, na useme hivyo mbele ya mfadhili ikibidi. Utalazimika pia kuwakataza wahandisi wako wasijenge upya vitu vinavyouzwa tayari, kama huduma ya kutuma ujumbe mfupi, hata kama wana hamu ya kuvijenga.

Kwa hiyo waombe waandike katika mkataba kwamba una mamlaka ya kusimamisha toleo jipya lisilo salama, na kwamba bajeti ya seva na nakala rudufu haitapunguzwa bila ridhaa yako. Hisa zako nazo ziandikwe. Wakikubali, nitumie rasimu niipitie kabla hujatia sahihi. Wakikataa mamlaka hayo, nakusihi uwasaidie kama mshauri tu na uwaachie cheo chao.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.