Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Majengo

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, nawe ulikuwa na haraka ya kuwahi sokoni. Ni wewe uliyemtoa kijibwa mtaroni pale Majengo, watoto wakimrushia mawe, ukamviringisha kwenye shati kuukuu na kuniambia, "Mwanangu, huyu ana kwao. Tazama shingo, alivaa mkanda." Tulitafuta kwao, hapakujitokeza mtu.

Nakushukuru hasa kwa maelekezo. Ulinikataza kumwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe kabla ya kumwona daktari wa mifugo, maana mbwa mdogo hudhurika upesi kipimo kikizidi. (Wenye mbuzi huku kwetu wanayo chupa hiyo, na wengine wanaimimina tu kwa macho.) Ukasisitiza chanjo ya kichaa cha mbwa, irudiwe kila mwaka. Na mbwa yeyote akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo asisubiri dalili, kwani zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Daktari alisema kupe walikuwa wamemmaliza damu. Sasa amechanjwa, amenenepa, anakula ugali wa mtama kwa dagaa. Mama, aliyeapa mbwa haingii ndani, ndiye anayemtandikia gunia jikoni usiku wa upepo!

Tumemwita Zabibu, si tuko Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu? Ukipita Nkuhungu, mzee wangu, uliza kwa kina Zabibu. Watoto watakuleta.