Safari ya matumbawe ipangwe kwa mwezi

Ndugu Mhariri,

Likizo ya Desemba ikikaribia, shule na vikundi vya hapa Mwanza huanza kuchangisha nauli za kwenda pwani, na baadhi hufika hadi Hifadhi ya Bahari ya Mafia kuona matumbawe. Tunawasihi waandaaji watazame mwezi kabla ya kupanga tarehe.

Kwetu boti ya kwenda kisiwa cha Saanane haisubiri maji, kwa kuwa kina cha ziwa asubuhi ndicho cha jioni. Baharini maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na kwa pwani yetu maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, saa ileile ambayo wageni hupenda kuingia majini. Boti hukwama, watu hushuka wakatembea, matumbawe yakavunjika chini ya viatu. Tumbawe ni mnyama. Yale ya mviringo hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka, hivyo lenye kimo cha sentimita 30 limeanza kukua kabla wanafunzi hao hawajazaliwa.

Chagueni maji mafu, yaani siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, siku 7 au 8 baada ya mwandamo au mpevu. Wavuvi wa dagaa wa Igombe, ambao hulaza taa zao mwezi ukiwa mkubwa, wataielewa hesabu hii mara moja. Siku hizo maji hujaa karibu saa 4 au 5 asubuhi na mkondo huwa mpole. Ingieni saa 1 kabla hayajajaa, maji safi ya bahari kuu yanapoingia Ghuba ya Chole, hapo Mafia. Yakianza kutoka hubeba tope la mikoko na hamtaona mbali. Mlango wa Kinasi, njia ya kuingilia ghuba hiyo kutoka bahari kuu, waachiwe wazoefu. Safari za Juni hukutana na upepo wa kusi, kwa hiyo msitoke nje ya ghuba.

Miwani ya kuzamia, inayofunika macho na pua, ijaribiwe nchi kavu: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, isiposhika, itavuja. Nywele zikiingia chini ya mpira huvujisha pia. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea, maana aliyechoka hutafuta pa kusimama, na pa kusimama ni juu ya tumbawe. Shati la mikono mirefu linatosha kwa jua. Mafuta ya kujikinga mengine yana kemikali zinazoyadhuru matumbawe.

Tunaomba pia gazeti lako, msimu wa likizo, lichapishe saa za maji kujaa na kupwa pwani kando ya utabiri wa hali ya hewa.

Waongoza safari za wanafunzi,
Mwanza