Mkiandika habari za safari, na rangi ya gari muikumbuke

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Kila msimu wa safari ndefu ukikaribia mnatuandikia habari za oili, tairi na breki, sawa, ni vitu vya maana sikatai, ila namna ya kuikinga rangi ya gari na wadudu wa njiani hamuigusagi hata siku moja, na sisi wenye magari meusi ndo tunaolia.

Mi yalinikuta. Niliendesha usiku kucha, taa zinaita kila kidudu chenye mabawa, asubuhi nafika boneti na bampa vimejaa madoa ya njano yaliyogandana, nikasema acha nilale kwanza gari nitaosha kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na jua linawaka. Nilipokuja kuliosha si nikachukua lile dodoki gumu la kusugulia masufuria, kavukavu, nasugua kwa nguvu zote! Wadudu walitoka kweli, ila na mng'ao ukatoka nao. Fundi rangi akamulika na tochi ya simu akanionyesha mikwaruzo ya duaraduara kama utando wa buibui, na katikati yake vidoa vilivyozama, ukipitisha kucha unavisikia kabisa. Vidoa ni vya wadudu, mikwaruzo ni yangu mwenyewe.

Kumbe mdudu akishapasuka yale majimaji yake yakioza yanakuwa na asidi, bati likipata moto juani yanaila klia, ile vanishi ya juu inayolinda rangi, na klia kwenye magari mengi ina unene wa kama maikroni 40 hadi 50 tu, karatasi ya daftari ni nene kuliko hiyo. Sasa siku 2 juani unategemea nini?

Siku hizi kabla sijatoka naosha gari, nalikausha, halafu naipaka nta sehemu yote ya mbele mpaka saidi mira. Nta haimzuii mdudu kugonga, ila anagandia kwenye nta, kumtoa inakuwa rahisi. Kuna na ile plastiki ya kubandika, inalinda vizuri sana ila mfuko uwe umejipanga. Zile kava za kuvalisha boneti mi sizitaki, mchanga ukiingia chini yake unasaga rangi njia nzima.

Njiani nikisimama nasubiri boneti ipoe, nalowesha kitambaa laini kwa maji yenye shampuu ya gari, nakilaza juu ya madoa kama dakika 10, nafuta taratibu bila kukandamiza. Sabuni ya vyombo hapana, inaondoa nta. Na petroli jamani tuache, kuna mtu nilimwona anafutia!

Kwa hiyo mwandishi wenu wa ukurasa wa magari akitoa tena ile orodha yake ya safari, hapo chini ya tairi la spea aongeze kamstari kamoja tu: kitambaa laini na chupa ya maji.

Ni mimi msomaji wenu, mwenye gari jeusi