Shukrani kwa mama wa stendi ya Lindi

Mama yangu, jina lako sikuuliza. Ulikaa pembeni yetu stendi ya Lindi, umejifunga kanga ya kijani, unasubiri gari la Nachingwea. Mwanangu alikuwa ametapika tena, safari hii vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Ulimfuta kwa ncha ya kanga yako, kisha ukamshika kidevu, ukamtazama sana, ukaniuliza: "Mwanangu, haya madoadoa meusi ya mdomoni anayo tangu lini?" Mimi nilidhani ni alama tu za kuzaliwa; hata baba yake anazo.

Miezi mingi tulikuwa tunapewa dawa za minyoo na za kuongeza damu. Wewe ndiye wa kwanza kusema aingizwe kamera tumboni, na tusikubali kurudi nyumbani bila kipimo hicho.

Tulikwenda Dar. Hakula tangu usiku, akachomwa dawa ya usingizi, wakapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Humo walikuta vinyama vimeota, kimoja kinavuja damu. Wakavikata kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa umeme, bila kumpasua, vikapelekwa maabara. Ni ugonjwa wa kurithi, unaitwa Peutz-Jeghers; ndio unaoleta yale madoadoa ya mdomoni na vinyama vya tumboni. Kliniki atahudhuria maisha yake yote, na baba yake naye ameanza kupimwa.

Jana amekula ugali kwa samaki, akaomba aongezewe. Mama, popote ulipo, ahsante sana. Mungu akutunze.