Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Utafiti): S7 ni bomba lipi?

Mheshimiwa Profesa, shikamoo.

Sijui kama salamu hii inafaa kwa mtu wa cheo chako, lakini huku kwetu mkubwa huamkiwa kwanza, hata kama umekuja kumdai.

Naandika kwa sababu ya tarehe 8 Agosti. Siku hiyo nilishuka na binti yangu hadi viwanja vya Themi, Njiro, kwenye Nanenane. Nilifuata mbegu ya nyanya inayostahimili mnyauko, nikajikuta kwenye banda la chuo chenu. Banda zuri, lina zulia, vijana wamevaa fulana za rangi moja. Ukutani mmepanga mabango, na katikati ya bango moja kuna mdomo wa mtoto umefunguliwa kwa vidole vya mtu aliyevaa glavu. Meno ya kahawia yenye michirizi, na moja la mbele limemeguka pembeni. Lile jino nalijua. Lilimeguka siku alipoanguka kutoka kwenye mparachichi wa babu yake. Ni mdomo wa binti yangu, Profesa, mmeukuza ukawa mkubwa kama sinia.

Mwenye mdomo alikuwa kando yangu. Alitazama, akajiziba kwa kiganja, akasema mama twende nyumbani. Kwenye mbegu hatukufika.

Niseme kweli: uso haukuonekana, jina halikuandikwa, na mimi mwenyewe nilisaini fomu. Kwa hiyo picha nimeisamehe. Ugomvi wangu uko kwenye jedwali lililokuwa chini ya picha.

Bango zima lilikuwa kwa Kiingereza. Kijana mmoja wenu, mpole, akanitafsiria. Vyanzo vya maji 14 vya vijiji vyetu, huku juu ya Maji ya Chai, vimepimwa floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi hutia meno kahawia na kupinda mifupa, na kupewa alama kuanzia S1 hadi S14. Vingine viko chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Vingine vimekivuka mara kadhaa, na kinachoongoza ni S7. Nikamuuliza, S7 ni bomba lipi? Akatabasamu. Mama, hizo ni alama tu, majina tumeyaficha kwa maadili ya utafiti.

Kuficha jina la mtoto naelewa. Bomba nalo lina aibu gani?

Akaniomba nisubiri akamuulize mwalimu wake. Nilisubiri karibu saa nzima, hakurudi, nikabaki nasoma kipeperushi chenu. Kinajivunia upana wa tafiti. Kwa kweli ni upana. Kuna nyuki wadogo wasiouma, kuna parachichi, kuna wapagazi wa Mlima Meru, kuna bodaboda, vikoba, samadi ya kupikia gesi, barafu ya Kilimanjaro, na maji yetu. Chuo kina majengo yanayohesabika kwa vidole, lakini kuanzia Longido hadi Usa River sijui ni kitu gani kimebaki ambacho hakijaandikiwa tasnifu. Hongereni. Nasema bila kejeli. Au tuseme kejeli kidogo.

Yule wa nyuki nampongeza kwa moyo wote, kwa sababu alirudi. Alikuja na chupa ya asali na karatasi moja ya Kiswahili, akaibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji: mizinga ikae wapi, dawa ya nyanya ipigwe saa ngapi ili nyuki wasife. Karatasi ipo hadi leo, jua limeifubaza lakini inasomeka. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Kaya yangu imetafitiwa mara tano. Mara ya kwanza walichukua maji, wakatuachia mche wa sabuni. Mara ya pili walichukua mkojo wa watoto kwenye vichupa, wakawapa soda. Mara ya tatu walimtaka baba mkwe. Wakamwambia gusisha kidevu kifuani, peleka mikono kisogoni, sasa chuchumaa. Kuchuchumaa alishindwa, magoti yalishapinda miaka mingi. Kijana akaandika, akashukuru. Mzee akamuuliza, sasa? Akajibiwa, tutaleta mrejesho. Mzee tulimzika mwaka juzi. Mrejesho haukuwahi mazishi.

Mara ya nne lilikuja dodoso la kurasa kumi na moja. Unachemsha maji ya kunywa? Magadi unatia kijiko kimoja au viwili kwenye makande? Unakinga maji ya mvua? Mtoto alianza kunywa maji akiwa na miezi mingapi? Mara ya tano ndiyo ile ya picha.

Sasa nikuambie siri, Profesa. Ninachokijua kuhusu floraidi nimekiokota kwenye maswali yenu. Mtu akikuuliza tena na tena kama unachemsha maji, unaanza kujiuliza kuna nini. Nikamfuata mwalimu wa kemia wa shule ya kata, akaniambia kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua yenyewe inabaki. Magadi nayo huja na floraidi yake. Maji ya mvua ni salama kwa upande huo. Akanieleza kuwa inatoka kwenye mawe ya volkano ya mlima wetu huu huu, na kwamba chemchemi mbili zinazoonana zinaweza kutofautiana kabisa, na kwa macho au kwa ulimi huwezi kujua. Nilipozaliwa, nchi iliruhusu hadi miligramu 8 kwenye maji ya vijijini, kiwango kilichowekwa mwaka 1974. Baadaye ikawa 4, sasa ni 1.5. Yaani maji yaliyokunja magoti ya mzee wangu yawezekana yalikuwa halali kwa karatasi.

Haya yote ningeweza kuambiwa mlangoni pangu na mtu mwenye shahada, badala ya kuyakisia kutokana na maswali yake.

Binti yangu yuko kidato cha pili, bweni, mkoa mwingine. Wiki ya kwanza tu waliuliza, wewe ni wa Arusha eeh? Hawakuhitaji kusikia lafudhi. Amesugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa ndimu, na rangi haitoki kwa sababu haiko juu ya jino, imo ndani. Kwenye kwaya anaimba midomo imebana kama mtu anayepuliza chai. Sauti anayo, lakini mwalimu wa kwaya anamlalamikia kwamba hatamki maneno.

Kwake yameshapita. Barua hii naiandika kwa ajili ya mdogo wake, ana miaka mitatu. Mwalimu ameniambia meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya ufizi hadi kama miaka minane, na kinachoingia sasa ndicho kitakachoonekana baadaye. Ninayo miaka mitano ya kumwokoa. Hapa nina njia tatu: bomba la karibu na shule ya msingi, bomba la bondeni ambako ni mwendo wa dakika arobaini, au dumu la kijana wa bodaboda la shilingi 500, ambaye anasema maji yake ni matamu. Nanunua ya bodaboda. Siku ya soko Tengeru nikiuza vibaya, hela ya nyanya yote inaishia kwenye madumu. Na sijui anayateka wapi. Inawezekana kabisa kwamba ninalipa ili niletewe S7 nyumbani.

Nimewaza kwa nini hamrudi. Labda fedha ya mradi huisha pamoja na mafuta ya gari. Labda kupanda cheo kunahesabiwa kwa makala za Kiingereza na si kwa karatasi ya mlangoni. Kuna anayesema mnaogopa kuzua taharuki, mkawaudhi wakubwa wa halmashauri. Mimi sijui. Mume wangu anasema hamkumbuki tu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, naomba liwe si kweli.

Fomu niliyosaini ninayo nakala yake, naitunza pamoja na kadi za kliniki. Kipengele cha 6 kinasema matokeo yatarejeshwa kwa jamii kupitia ofisi ya kijiji. Sahihi yangu iko chini, na sahihi ya mtu wenu iko chini. Yangu mmeitumia.

Nilitaka kuomba mje kwenye mkutano wa kijiji, mtueleze kwa Kiswahili, na mtu wa kituo cha Ngurdoto, kile cha kuondoa floraidi kwenye maji, awepo atufundishe habari ya chujio la mifupa iliyochomwa, tuulize na tujibiwe. Lakini najua ratiba zenu. Basi leteni karatasi, kama ya yule wa nyuki. Kama karatasi nayo ni gharama, mtumieni mtendaji ujumbe wa simu. Namba yake mnayo, ndiye huwagongea muhuri kila mnapokuja. Kumi na nne zote zikiwa kazi kubwa, acheni kumi na tatu.

Niambieni S7 ni bomba lipi.

Wako mtiifu,
Mama wa mdomo ulioko kwenye bango lenu
Arumeru, Arusha