Miamba ya Matema nayo inastahili ulinzi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu viumbe wa miamba ya bahari ilieleza kwamba aina huongezeka kadiri tunavyokaribia ikweta. Kwa ujumla ni kweli, lakini mazingira ya mahali nayo yana nguvu. Hapa Kyela tunayaona Matema, kando ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Samaki wengi waishio kwenye miamba yake hutunza mayai mdomoni na ni nadra kuvuka mchanga, hivyo jabali hili lina wake na lile lina wake. Utajiri ulioje!

Udongo unaosombwa kutoka mashamba ya milimani hufunika mwani ambao samaki hao hula. Halmashauri zisimamie Sheria ya Mazingira ya 2004, inayolinda mita 60 kandokando ya mito na ziwa, tena kabla ya masika.

Msomaji wenu,
Kyela, Mbeya